Njia Iliyoanzia Kwenye Kibao

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi watumishi wa idara ya bustani mliokuja na sare zenu za kijani, familia imeomba karatasi hii isomwe mbele yenu kabla hatujaondoka, nayo inahusu maisha ya baba yetu, ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina majina matatu, lakini ninyi nyote mlimwita Ukoka, na yeye mwenyewe aliitika Ukoka hata alipoitwa na madaktari, kwa hiyo Ukoka ndilo jina litakalosomwa hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya useremala ya baba yake, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, na inasemekana kwamba alipoanza kutembea aliikataa kabisa sakafu ya saruji, akawa anakwenda pale penye majani tu, ingawa anayesema hivyo ni shangazi yetu, ambaye wote tunajua hutia chumvi. Shangazi yupo hapa mbele na anaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli tupu, basi tuliache kama lilivyo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1956 katika shule iliyokuwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, akamaliza darasa la nane Novemba 1963, na katika miaka hiyo minane alichelewa mara nyingi kuliko alivyowahi, maana adhabu ya wachelewaji ilikuwa kufyeka uwanja, naye aliifanya adhabu hiyo kwa raha zake, fyekeo likipanda na kushuka, hata mwalimu wa zamu akaanza kumtilia shaka. Siku moja mwalimu huyo alimvizia, akamkuta amejibanza nyuma ya choo tangu saa kumi na mbili na nusu, sare imenyooshwa, anasubiri kengele ilie ili achelewe rasmi. Kuanzia siku hiyo adhabu yake ikabadilishwa, akawa anafungiwa darasani na hesabu, na cheti chake cha darasa la nane, ambacho tunacho, kinaonyesha kwamba hesabu hazikumwingia hata kidogo, ila kuhesabu alikujua, kama mtakavyosikia.

Baada ya shule alikaa miaka sita katika karakana ya baba yake, mbao zikamkataa naye akazikataa, na tarehe 3 Novemba 1969 aliajiriwa na halmashauri ya mji kama kibarua wa bustani kwa majaribio ya miezi mitatu, akapewa reki moja, tupa moja ya kunolea, na mashine ya kukatia nyasi ya kusukuma kwa mkono ambayo wenzake walikuwa wanaitumia kuzuia mlango wa stoo usigonge. Kazi yake ilikuwa ule uwanja mkubwa wa nyasi ambao nyote mmeupita mkija hapa, wenye ofisi za halmashauri upande wa juu, nyumba za watumishi upande huu tulipo, na kituo cha afya upande wa pili kabisa, na uwanja huo aliukuta una magugu, vipara na vichuguu viwili vya mchwa, akaahidi kwamba baada ya mwaka mmoja mtu angeweza kuutandika kitandani.

Alitimiza. Hakuwa na siri yoyote, alikuwa na mazoea tu, nayo hakuyavunja kwa mvua wala kwa jua: hakukata nyasi kabla umande haujakauka, hakukata kwa mwelekeo uleule wiki mbili mfululizo, aling'oa magugu moja moja kwa kisu cha mezani kilichokwisha makali, amepiga magoti juu ya gunia, na kila Ijumaa adhuhuri alipiga reki njia ya changarawe inayozunguka uwanja mpaka mistari ikalala sawasawa, ili mtu akipita Jumamosi aone kwamba hapo pana mwenyewe. Mwaka 1971 alichonga kibao katika karakana ya baba yake, kazi pekee ya useremala aliyowahi kujivunia, akakipaka rangi ya kijani na maandishi meupe, USIKANYAGE NYASI, akakisimika hatua nne kushoto mwa geti la nyumba za watumishi, na kila Januari alikipaka upya.

Pamoja na kibao alikuwa na filimbi. Filimbi hiyo iliwapata wapiga picha wa harusi, watu wa kampeni, mbwa wa mkuu wa polisi, na siku ya sherehe ya mwaka 1972 ikampata mwenyekiti wa halmashauri mwenyewe, ambaye alikuwa amekatisha uwanja akiwahi jukwaani na hotuba mkononi, akaruka kurudi kwenye changarawe kama aliyekanyaga kaa la moto, mbele ya wageni wote. Watu walidhani kibarua cha Ukoka kimeota nyasi, lakini mwenyekiti alikuwa muungwana, alifika jukwaani kwa kuzunguka, akasema kwamba mji huu una mtu mmoja anayejua kazi yake, na mwezi uliofuata marehemu akatolewa kwenye ukibarua, akaajiriwa kwa kudumu na kupewa nyumba ya mtumishi, ile ya kwanza karibu na geti.

Mwaka 1973 halmashauri ilipata karani mpya wa mapokezi, binti mrefu mwenye viatu vya kisigino, ambaye asubuhi ya kwanza alikatisha uwanja na kuacha matundu ishirini na tatu, marehemu akapiga filimbi, akamfuata nyuma na ndoo ya udongo akiyaziba moja moja huku akinung'unika. Asubuhi ya pili matundu yakawa thelathini, filimbi ikalia tena. Asubuhi ya tatu karani akakatisha polepole zaidi, mkoba begani, akisubiri, na filimbi haikulia, na hapo ofisi nzima iliyokuwa imejaa madirishani ikajua kwamba mtu ameshikwa. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1973, na kuanzia siku hiyo mama yetu, ambaye ameketi hapa mbele, hakukatisha uwanja tena, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, sasa ulikuwa mali ya nyumbani.

Marehemu alijaliwa watoto watatu. Karatasi inasema watatu kwa sababu ndivyo alivyoandika yeye kwenye kila fomu ya kazi, hata pale makarani walipokata kwa kalamu nyekundu na kuandika wawili, akachukua fomu nyingine na kuandika watatu. Wa kwanza ni binti, alizaliwa tarehe 2 Februari 1975, wa pili ni wa kiume, dereva wa lori, alizaliwa tarehe 20 Juni 1979, na wa tatu tutamfikia.

Watoto hao walilelewa kwa upole, isipokuwa katika jambo moja. Hawakukanyaga nyasi. Mpira ukiingia uwanjani ulisubiriwa mpaka baba arudi, shati likipeperushwa na upepo kutoka kwenye kamba lilivutwa kwa fimbo ya ufagio, na jambo hilo lilimwingia binti mkubwa kiasi kwamba alipokuwa darasa la pili mwalimu wa michezo alimwita mzazi shuleni na kumwambia, "Mzee, mtoto wako hana ugonjwa, lakini hataki kuingia uwanjani, anakimbia nje ya mstari peke yake." Marehemu alicheka mpaka akashika mbavu, akaisimulia habari hiyo kazini mwaka mzima, na wote nyumbani waliona ni jambo la kuchekesha, na wakati ule lilikuwa la kuchekesha kweli.

Siku ya Ijumaa, tarehe 16 Septemba 1988, marehemu alimaliza kupiga reki njia ya changarawe saa saba mchana, kisha akapelekwa na gari la halmashauri kukata nyasi za uwanja wa mpira nje ya mji, ambako kulikuwa na mechi siku iliyofuata. Mama yetu alikuwa na ujauzito wa miezi minane. Saa kumi kasoro uchungu ulimshika ghafla akiwa jikoni, haukuwa uchungu wa kawaida, na nyumbani alikuwapo binti mkubwa peke yake, mwenye miaka kumi na tatu, akakimbia kumwita jirani, fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye naye yupo hapa leo. Hapakuwa na gari wala baiskeli. Lilikuwapo toroli la bustani, limeegemezwa ukutani, wakalitandika blanketi, wakamweka mama, binti akashika mikono ya toroli na fundi cherehani akashika mkono wa mgonjwa, wakatoka getini wakielekea kituo cha afya, ambacho kutoka hapo kinaonekana waziwazi, paa na mlango, ng'ambo ya nyasi.

Walipofika kwenye kibao fundi cherehani alisema, "Katisha hapa, mwanangu, katisha!" Binti akasimamisha toroli, akaligeuza kidogo kuelekea nyasi, akasema neno moja, "Hapakanyagwi," akalirudisha kwenye changarawe na kuzunguka. Njia ya kuzunguka ina kona mbili, na kwenye kona ya pili zipo ngazi ambazo toroli ilibidi linyanyuliwe na watu wawili, na mtoto wa tatu wa marehemu, wa kiume, alizaliwa hapo kwenye ngazi, saa kumi na dakika tano, hakulia, na mkunga aliyekuja mbio kutoka wodini alifanya yote yaliyowezekana. Mama alinusurika. Mkunga huyo, ambaye sasa ni marehemu, aliulizwa baadaye kama dakika zile zingebadilisha kitu, akajibu kwamba zingeweza na zingeweza pia zisibadilishe, na kwamba mtu yeyote atakayedai anajua anadanganya.

Binti huyo mkubwa ndiye anayewasomea karatasi hii.

Marehemu alirudi saa kumi na mbili jioni, akaambiwa getini, na kabla hajaenda wodini alionekana akitembea taratibu kwenye changarawe, kichwa chini, kuanzia getini mpaka kwenye ngazi, kisha akageuka akautazama uwanja wake kwa muda mrefu, na uwanja ulikuwa haujaguswa, haukuwa na alama hata moja. Jumamosi walimzika mtoto katika makaburi ya mji. Jumatatu, tarehe 19 Septemba, saa moja asubuhi, umande ukiwa bado, alichukua vigingi, kamba na sepetu, akang'oa kwanza kibao chake mwenyewe, akavuta kamba ikanyooka mpaka mlango wa kituo cha afya, akaanza kukata nyasi alizozilea miaka kumi na tisa, akizitoa vipande vipande na mizizi yake, upana wa toroli moja na mtu mmoja kila upande. Hakuanzia getini, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, alianzia pale kilipokuwa kibao, hatua nne kushoto, na jambo hilo liliwafanya wahandisi wa halmashauri kujikuna vichwa kwa miaka mingi, maana njia nzuri namna ile inaanza kwa kupinda.

Mkuu wa idara alishuka kutoka ofisini na kumkuta amefika katikati, akamuuliza kama amerukwa na akili, na marehemu, ambaye hesabu hazikuwahi kumwingia, akamjibu, "Kuzunguka ni hatua mia tatu themanini na sita. Hapa ni mia moja arobaini na moja. Nimehesabu," akaendelea kukata. Alipewa barua ya onyo siku hiyohiyo. Jumatano, tarehe 21, mama yetu aliruhusiwa kutoka wodini, akasimama mlangoni, akaiona njia, ikiwa bado udongo mbichi, akavua viatu na kuja nyumbani kwa miguu mitupu, naye ndiye mtu wa kwanza kuipita, na marehemu alikuwa amesimama mwisho wa njia akimsubiri, barua ya onyo imekunjwa mfukoni.

Mji huu uliokuwa umeshinda ngao ya usafi mara tatu haukushinda mwaka ule, na kwa kosa hilo marehemu alihamishiwa makaburini, kufyeka, kuanzia tarehe 1 Novemba 1988, jambo ambalo wakubwa waliliona ni adhabu, wakiwa hawajui kwamba mwalimu wake wa shule aliwahi kufanya kosa hilohilo. Alikaa huko miaka miwili, na kila siku alianza kazi kwenye kaburi dogo la mstari wa sita, na hakuna mtu aliyemwona akilalamika. Aliyekuja badala yake aliunguza uwanja kwa mbolea mpaka ukawa wa manjano, na tarehe 5 Novemba 1990 marehemu alirudishwa, hakuna aliyeomba radhi, akaufufua uwanja wote kwa misimu miwili ya mvua, ila njia hakuigusa, na mwaka 1994 halmashauri ilijisalimisha ikaitandika matofali.

Kuanzia Septemba ile filimbi haikusikika tena. Tuliikuta juzi ndani ya sanduku lake la vifaa, imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, pamoja na tupa.

Kitu kimoja hakikusemwa nyumbani mwetu. Marehemu hakumuuliza binti yake kwa nini alizunguka, wala binti hakumwambia kwamba alisimama kwenye kibao, akaambiwa akatishe, akakataa kwa mdomo wake, na fundi cherehani naye alifunga kinywa kwa huruma. Baba aliendelea kumsomesha, alimpeleka chuo cha ualimu mwaka 1995, alimsindikiza siku ya ndoa yake tarehe 14 Agosti 1999, akampakata kila mjukuu, watano kwa jumla, na muda wote huo binti alikula na kucheka naye huku akijiona mwizi aliyekaribishwa mezani, akisubiri siku ambayo baba angejua.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2008, baada ya miaka thelathini na minane ya kazi, akahamia nyumba yake mwenyewe mtaa wa nyuma, ambako, kwa mshangao wa wengi, hakupanda nyasi hata shina moja, alipanda mboga na kuacha ua wote wa udongo uliofagiliwa, wajukuu wakacheza humo wakachafuka mpaka masikioni. Jioni alikuja kukaa kwenye benchi lililo karibu na geti akiwaangalia watu wakikatisha, wagonjwa, wanafunzi, wapenzi, wauza karanga, na aliyezunguka kwa adabu alimwita na kumwonyesha kwa bakora, "Pita pale, kuna njia."

Novemba 2022 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa katika kituo cha afya cha hapa, kisha hospitali ya mkoa, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki kuanzia tarehe 6 Machi 2023, na aliyavumilia hayo yote kwa utulivu, ingawa aliwasumbua wauguzi kuhusu hali ya bustani iliyoko chini ya dirisha la wodi, mpaka mtunza bustani wa hospitali akapanda juu kuja kumwona, wakaongea saa nzima juu ya kunoa.

Tarehe 18 Januari 2024, alasiri, binti mkubwa akiwa peke yake naye wodini, alipiga moyo konde akamwambia yote, kibao, kusimama, neno alilosema. Alitegemea chochote isipokuwa alichokipata. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Najua, mama. Nilikuwa nimepiga reki." Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeelekeza kazi, kwamba jioni ile alikuta alama ya gurudumu moja kwenye mistari ya reki, inatoka getini, na hatua nne kushoto, mbele ya kibao, alama hiyo imezama kwa uzito wa kusimama, imegeuka nusu kuelekea kwenye nyasi, kisha imerudi. "Nikakuona kama niko pale," alisema. "Ulisimama ukasoma nilichoandika mimi. Ndiyo maana nilianzia pale." Alikuwa amejua tangu kabla mtoto hajazikwa, na miaka thelathini na mitano alidhani njia ile imekwisha kusema, na binti aliipita kila siku asiisikie. Walilia wote wawili, na muuguzi alidhani ni maumivu, akaongeza dawa.

Marehemu alifariki dunia Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, saa tatu na robo asubuhi, umande ukiwa umekauka. Ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wa tatu akiwa ametangulia, na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomhudumia kwa miezi kumi na moja, mtunza bustani wa hospitali, majirani wa mtaa wa nyuma waliotuchotea maji na kutupikia siku hizi tatu, na fundi cherehani, ambaye amelishona kwa mkono wake shuka lililomfunika, na ambaye deni letu kwake si la kulipika kwa maneno. Tunaishukuru pia idara ya bustani, vijana aliowafundisha, walioukata uwanja jana kwa urefu wa vidole viwili, mwelekeo tofauti na wa wiki iliyopita, na waliopiga reki changarawe leo asubuhi ingawa hakuna atakayeipita.

Gari la halmashauri limeletwa kwa heshima yake, nasi tunashukuru, lakini gari haliwezi kukatisha, na aliacha neno kwamba abebwe. Jeneza litatoka getini, litakwenda hatua nne kushoto, litasimama kidogo pale palipokuwa na kibao, kisha litashika njia moja kwa moja mpaka mlango wa kituo cha afya na makaburini nyuma yake, mstari wa sita, kando ya mwanawe. Mpaka mlangoni ni hatua mia moja arobaini na moja. Tumekuwa wengi na njia ni nyembamba, kwa hiyo wale wa pembeni tafadhali msiogope, kanyageni nyasi.

Baba, lala salama. Leo hatuzunguki.